Kiwix kwa wakutubi: Wikipedia bila bando

Wakutubi wenzangu wa Tanga, kama mnapeleka huduma mashuleni huko Pongwe au Tongoni na netiweki ni ya kubahatisha, wekeni Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Ni bure kabisa, unadaunlodi faili la ZIM (ndimo Wikipedia nzima imefungashwa) mara moja kwenye waifai ya uhakika basi Wikipedia unatembea nayo kwenye laptopu bila intaneti, na ukiiweka kwenye kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi, madogo wanaingia kwa simu zao kupitia waifai yake, hawanunui bando hata la mia tano. Ubaya sasa, ya Kiingereza yenye picha inapita GB 90 (diski zetu tunazijua wenyewe), ya Kiswahili nyepesi ila makala nyingi fupi mno, mwanafunzi anaishia aya mbili. Na ukitaka mambo mapya unadaunlodi tena. Mi naipa nne kwa tano.