Apu ya bei za hisa za zamani: mia tano kwa mwezi na bado daftari la mama limeishinda

Nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza kwa sababu inafunguka haraka, ya pili kwa sababu haili bando. Basi.

Jina lake siliweki hapa, sitaki maneno na watu, ila ni mojawapo ya zile apu za kuangalia bei za hisa za soko la Nairobi, ukiwa wa bure unaona mwezi mmoja uliopita, ukilipa mia tano kila mwezi wanakufungulia "historia kamili". Nimelipa miezi mitatu. Chanzo ni mama, ana hisa zake elfu moja za Safaricom tangu ile IPO ya 2008, yaani kampuni ilipouzia umma hisa zake kwa mara ya kwanza, wakati ule watu walikuwa wanapiga foleni benki mpaka nje na wengine wamekopa ndio waombe hisa, sasa mwaka huu akataka kuweka tangi la maji na pampu nyumbani Kisauni akaniuliza, "Mwanangu, hivi vihisa vyangu nivitoe ama nivikalie?" Nikamwambia ngoja nikuangalilie bei zake za nyuma. Nilijiona mtaalamu kweli.

Safaricom yenyewe wameichora vizuri, hapo sina neno. Unaona Juni 2008 ilipoingia sokoni, waliopata kwenye IPO walinunua kwa shilingi 5, siku ya kwanza ikapita 7 watu wakashangilia, halafu ikaporomoka, 2009 ikawa chini ya 3 na najua watu waliouza kwa hasira mpaka leo hawataki kuisikia. Ukivuta kidole kulia unaona inapanda pole pole miaka na miaka mpaka Agosti 2021 hisa moja iko 44 na kitu, na baada ya hapo mteremko, kufika mwisho wa 2023 haifiki hata 15.

Chini ya chati sasa kuna kisanduku kimeandikwa "mapato yako". Ukichagua Agosti 2021 mpaka Desemba 2023 kinakuwa chekundu kinakwambia umepoteza karibu asilimia 70. Nikampa mama simu aone. Akavaa miwani, akakiangalia kile kisanduku, akanirudishia simu. "Na zile pesa zinazoingia kila mwaka wameziandika wapi?"

Hawajaziandika popote. Yaani apu inayojiita ya historia kamili haina gawio hata moja ndani, ile sehemu ya faida kampuni inayowalipa wenye hisa, inahesabu bei na bei peke yake. Mama naye ana daftari, lile la shule dogo, kalifunika kwa gazeti, kila gawio likiingia anaandika tarehe na kiasi, wino wa buluu, na kodi anaikata mwenyewe ile asilimia 5 kuhakikisha hawajamla. Nikalichukua nikaanza kulisoma. Mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2022 Safaricom walitoa 1.39 kwa kila hisa, ulioisha Machi 2023 wakatoa 1.20, Machi 2024 tena 1.20. Kwa hisa elfu moja hiyo ni 1,390 na 1,200 na 1,200, jumla 3,790, ukitoa kodi zinabaki 3,600 na senti. Kumbuka hisa zenyewe zilimgharimu 5,000. Kwa hio miaka mitatu ya gawio peke yake imemrudishia zaidi ya nusu ya alichoweka, na ni miaka ileile ambayo kisanduku kinamwambia anazama!

Sisemi aliyenunua kwa 44 hajaumia, ameumia sana huyo. Ninachosema ni kwamba bei ya zamani ni nusu ya habari, na hawa wananiuzia nusu kwa bei ya nzima. (Mama kwa haki yake pia kanipinga mimi, akasema hio elfu tano ya 2008 nisiihesabu kama elfu tano ya leo maana wakati ule ilikuwa inanunua gunia la mchele la kilo hamsini na chenji inarudi. Hilo hata daftari lake halina.)

Hapo ningeweza kusamehe. Lakini mwezi wa pili nikasema nijaribu benki, nikafungua Equity, nikarudi nyuma mpaka 2009, nikaona kitu karibu nidondoshe simu: leo hisa iko shilingi mia na kitu, siku inayofuata kumi na kitu, pembeni wameandika kushuka asilimia 90. Kwa siku moja! Asiyejua akiona hivyo atasema hio benki ilifungwa na wenyewe wakakimbia. Kumbe hakuna kilichoanguka, mapema 2009 Equity waligawanya hisa, kila hisa moja ikawa kumi, aliyekuwa na hisa 100 akaamka na hisa 1,000, bei nayo ikagawanywa kwa kumi, mfukoni ni kilekile. Ni kama una noti ya elfu moja ukaenda dukani kwa Mpemba akakupa mia mia kumi, umepoteza nini? Benki ya KCB nao walifanya vilevile mwaka 2007, moja kwa kumi.

Data iliyotunzwa vizuri inarudi nyuma na kuzigawanya bei zote za kabla ya siku hio kwa kumi, ili chati isiwe na lile shimo. Na wanaotoa hisa za bonasi, zile za bure, hesabu ni ya namna hio hio, kwa kadiri ya hisa zilizoongezwa. Ndio maana ukiona mtu kachapisha bei ya zamani swali la kwanza liwe hii imerekebishwa au ni ile iliyouzwa siku yenyewe, zote mbili zina kazi yake. Ukitaka kulinganisha faida unataka iliyorekebishwa, ukitaka kuhakikisha kile dalali alichomkata marehemu babu kwenye karatasi yake ya mwaka 2005 unataka ile ya siku yenyewe. Hii apu inakupa mchanganyiko, nyingine wamerekebisha nyingine hawakurekebisha, na hakuna alama yoyote ya kukwambia ipi ni ipi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja na skrinshoti. Baada ya siku nne wakanijibu "data yetu ni sahihi, inatoka sokoni moja kwa moja". Haya. Soko la Nairobi kwa kawaida haliruhusu bei ya hisa kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, ila pakiwa na tangazo kubwa la kampuni. Kwa hio kompyuta yenu ikiona asilimia 90 kwa siku ingepaswa ipige kelele yenyewe bila kuningoja mimi niliyeko Kisauni. Sikujibiwa tena.

Lakini kilichonichekesha ni Kenya Airways. Wana kipimo chao wanakiita "utulivu", kutoka sifuri mpaka kumi, wanakipiga kwa kuangalia bei imeyumba kiasi gani miaka iliyopita. KQ, ndio hio Kenya Airways, imepewa tisa. Nikafungua chati, mstari umenyooka kama umechorwa na rula, 3.83, 3.83, 3.83, mwaka mzima, miaka minne na zaidi. Jamani! Hio hisa ilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 ikarudi sokoni Januari 2025, haikuyumba kwa sababu ilikuwa imefungiwa, hakuna aliyeweza kuuza wala kununua. Wenye hisa waliokuwa wamekwama mle ndani ukiwaambia wana utulivu wa tisa kwa kumi watakutukana.

Na hii ya mstari kunyooka si KQ peke yake, kuna kampuni ndogo pale sokoni zinakaa siku kadhaa bila hisa hata moja kubadilisha mkono na apu inarudia bei ya juzi kana kwamba kuna mtu kalipa. Dawa yake ni kuangalia idadi ya hisa zilizouzwa siku hio, ikiwa sifuri bei hio ni kumbukumbu tu. Hio idadi ipo kwenye apu, nakiri, ila wameificha ndani lazima ubonyeze mara tatu. Tena hata ile bei ya kufunga ya Nairobi ni wastani wa bei za mauzo ya siku, bei iliyouza hisa nyingi ikihesabiwa zaidi, hivyo inawezekana kabisa hakuna hata mtu mmoja aliyenunua kwa bei hio hasa, usije ukagombana na dalali wako kwa senti ishirini.

Mwezi wa tatu nikawa naitumia kutoa tarehe na bei tu, nazihamishia kwenye Eksel kwa mkono maana kupakua nako ni malipo mengine. Pembeni ya bei nikaweka safu ya gawio kutoka kwenye ripoti za mwaka za Safaricom, hizo ziko bure kwenye tovuti yao, na safu ya matukio: matokeo ya mwaka yanatoka Mei, ya nusu mwaka Novemba, siku ya kufunga daftari la wanahisa ni ipi, yaani siku kampuni inapoangalia nani ana hisa ndio alipwe gawio. Hapo ndio ukaanza kuonekana mchezo, siku zile bei inateleza kidogo karibu na kufungwa kwa daftari hilo si habari mbaya, ni gawio limetoka ndani ya bei, anayenunua sasa halipati. Na ile siku mbaya ya tarehe 13 Machi 2020 ilipotangazwa korona imeingia Kenya na soko likabidi lisimamishwe kwa muda, ukiwa umeiandika tukio lake pembeni hukimbii nayo ukidhani kampuni ina ugonjwa.

Kazi hio ilinichukua jioni mbili, ningeweza kuifanya bila apu kwa kurasa za bei za magazeti na hizo ripoti.

Mama hakuuza. Tangi kaliweka kwa pesa za chama, zamu yake ilikuwa imefika. Nilipomwambia nimejitoa kwenye hio apu akauliza nimelipa ngapi zote, nikasema mia tano mara tatu. Akafungua daftari, akaonyesha kwa kidole gawio lake la mwaka mzima baada ya kodi, 1,140, akaniangalia juu ya miwani, halafu akageuza ukurasa upande wa matumizi akaandika 1,500 na jina langu.