Kupimiwa koltani na kasiterite dukani: mizani naisifu, sumaku hapana

Duka hili la kununua madini, Kivu Kusini nchini Kongo, linatangaza kwamba linapima bure kabla ya kununua: jiwe ni koltani (lenye metali za tantali na niobi) au kasiterite (lenye bati). Mpimaji alichukua sumaku ya spika ya redio, akaigusisha kwenye jiwe zima la ukubwa wa ngumi, akatamka: "Haishiki, papa. Kasiterite hiyo. Mwingine!" Nilipoomba apime kwa kigae, yaani alikwaruze jiwe juu yake aone rangi ya unga, alisukuma jiwe pembeni na kuniambia nisimfundishe kazi.

Afundishwe na nani basi? Koltani hairukii sumaku ya spika! Kinachoirukia ni magnetiti, madini ya chuma. Koltani ina chuma na manganizi, lakini huvutwa kwa unyonge, kwa hiyo lazima uiponde iwe kama mchanga laini na uikaushe. Ondoa magnetiti kwa sumaku ya kawaida iliyozungushiwa karatasi, kisha pitisha juu ya unga sumaku ya neodimiamu, ile ndogo kali inayotolewa kwenye diski ngumu (hard disk) ya kompyuta mbovu. Koltani itafuata, kasiterite safi itabaki chini. Ilmeniti na wolframiti, madini mengine, nazo hufuata, ndiyo maana sumaku peke yake haitoshi kumpangia mtu bei.

Mizani yao ya kupima jiwe likiwa ndani ya maji ni nzuri, hilo siwanyimi. Jiwe la gramu 35 likisoma 30 ndani ya maji, limepungua 5, unagawanya 35 kwa 5, unapata 7.0, yaani ni zito mara saba ya maji. Ila hiyo 7.0 haikwambii kitu hapa: kasiterite iko 6.8 hadi 7.1, na koltani huanzia kama 5.2 niobi ikizidi, hadi karibu 8 tantali ikizidi. Jiwe likiwa na kwatzi (jiwe jepesi zaidi) ndani, namba inashuka tena.

Kigae nacho kina mtego. Kwenye upande wa nyuma usiong'arishwa, koltani huacha unga wa kahawia iliyokoza au mweusi, kasiterite unga mweupe au wa kijivu hafifu. Lakini ugumu wa kasiterite, 6 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, unakaribiana na wa kigae, kwa hiyo weupe unaouona unaweza kuwa wa kigae chenyewe. Ponda punje, tandaza unga kwenye karatasi nyeupe, tazama juani.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni zinki. Safisha punje zisiwe na kutu, ziweke zigusane na kipande cha gamba la zinki la betri ya redio, mimina asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Vaa glavu, fanyia nje, mbali na moto, maana gesi inayotoka ni hidrojeni. Baada ya dakika chache kasiterite huvaa utando wa kijivu. Ukiusugua kwa kitambaa unang'aa, ni bati tupu. Koltani inabaki nyeusi vilevile. Zisipogusana na zinki, hakuna kitakachotokea, na mtu atakuambia kasiterite yako si kasiterite.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mizani. Sasa naona mbili ni nyingi, kwa sababu kilo ya koltani kwa kawaida inalipwa juu kabisa ya kilo ya kasiterite, na kosa lao linaangukia mfuko wa mchimbaji. Nawapa moja. Na hiyo moja naiondoa pia: bunduki ya eksirei inayosoma tantali na bati wanayo, ipo chumba cha nyuma, na inatolewa gunia likishakuwa lao.