Gari la Umeme la Zamani, Macho Mapya: Vifaa vya Kumsaidia Dereva, Kuanzia Kinachostahili Pesa Yako

Anayenunua gari la umeme lililotumika huulizia kwanza afya ya betri, na ana haki. Swali la usalama huja baadaye, pengine siku gari la mbele linapofunga breki ghafla na lako linakaa kimya, halitoi hata mlio. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe pamoja na mfumo wa kulirudisha gari kwenye leni yake. Nissan Leaf ya kwanza iliingia sokoni mwishoni mwa 2010. Kati ya tarehe hizo mbili kuna magari mengi mazuri, betri bado zina nguvu, lakini hayaoni kitu.

Kuyapa macho inawezekana. Tatizo ni kwamba macho si mikono. Kamera au rada unaweza kuifunga kwenye gari lolote. Mikono ni usukani na breki zinazokubali amri ya kompyuta, na hiyo gari huzaliwa nayo. ProPILOT, mfumo wa Nissan unaosaidia kushika usukani, uliingia kwenye Leaf na kizazi chake cha pili, mwaka 2017. Ukiwa na kizazi cha kwanza, muuzaji anayekuahidi kwamba kifaa chake kitaliongoza gari ndani ya leni anakuuzia maneno. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei ya chochote, jua gari lako lilitoka kiwandani na nini. Andika namba ya chasisi, iingize kwenye programu inayosoma orodha ya vifaa vya gari, au mpe fundi mwenye mashine ya kupima akusomee kompyuta zilizomo.

Nimepanga orodha hii kwa vigezo viwili: kifaa kinapunguza hatari kiasi gani, na kinalazimu gari lifumuliwe kiasi gani. Kwa kigezo cha kwanza nimeegemea takwimu za IIHS, taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, ambayo hulinganisha ajali za magari yenye vifaa hivi na yasiyo navyo. Onyo la kugonga mbele, peke yake, limepunguza ajali za kugonga gari kwa nyuma kwa asilimia 27. Likiambatana na breki zinazojifunga, punguzo linafika asilimia 50. Onyo la sehemu pofu, yaani ule upande ambao vioo vya pembeni haviuoni, limepunguza ajali za kubadili leni kwa asilimia 14, kamera ya nyuma imepunguza ajali za kurudi nyuma kwa asilimia 17, na onyo la kutoka kwenye leni asilimia 11 ya ajali zinazohusiana nalo. Hizo ni takwimu za vifaa vya kiwandani. Zinatosha kutuonyesha nini kitangulie, lakini usizichukue kama ahadi ya kifaa cha dukani.

Kabla hujanunua, fufua kilichomo

Sehemu hii wengi huiruka, nami niliiruka. Kioo cha mbele cha gari langu kilipasuliwa na jiwe. Gereji ikabadilisha kioo, ikabandika kamera mahali pake, nikalipa nikaondoka. Baada ya hapo onyo la leni likawa linalia mapema upande wa kulia na kuchelewa upande wa kushoto. Nikadhani kamera imezeeka, nikaanza kutafuta nyingine. Fundi wa pili ndiye aliyeniambia niweke pesa mfukoni. Alisimamisha ubao wenye michoro mbele ya gari, akapima umbali kwa futi kamba kutoka katikati ya magurudumu, akaifundisha kamera upya. Kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Hesabu yenyewe inatisha. Kamera ikipinda digrii moja tu, kitu kilicho mita 100 mbele itakiona kimesogea mita 1.75, ambayo ni nusu ya leni yenye upana wa mita 3.5. Gari lililo leni ya pili linaweza kuhesabiwa kuwa liko mbele yako. Kama gari lako lina kamera kiooni na limewahi kubadilishwa kioo, kulipima upya ndiyo pesa ya kwanza kutumia, hata kabla ya orodha yangu kuanza.

Nafasi ya kwanza: spea za kiwandani kutoka toleo la juu

Mara nyingi gari lako lina pacha lililouzwa ghali zaidi, lenye kila kitu. Spea za pacha huyo, hata za mtumba, ndizo njia pekee kwenye orodha hii inayoweza kukupa breki zinazojifunga kama mtengenezaji alivyokusudia. Ndiyo maana ninaiweka juu, ingawa ndiyo ngumu kuliko zote.

Volkswagen e-Golf ni mfano mzuri. Imejengwa juu ya jukwaa lilelile, yaani muundo wa msingi, la Golf ya petroli, linaloitwa MQB, kwa hiyo rada, kamera ya kiooni na vitufe vya usukani vya ukoo huo vinapatikana kwa wingi, na mafundi wameshazoea kuvifunga. BMW i3 nayo ina njia yake: kruzi yake, yaani mfumo unaoshika mwendo wenyewe na kufuata gari la mbele, hutegemea kamera ya kiooni bila rada, kwa hiyo vitu vya kufunga si vingi. Ubaya wake ni kwamba jua likiwa chini mbele yako, kamera hupofuka na mfumo hujizima.

Kazi haiishii kwenye kufunga. Kioo lazima kiwe kile chenye kishikizo cha kamera. Pampu ya breki lazima iwe ya aina inayopokea amri. Kama siyo, umenunua rada ya pambo. Mwisho kabisa kompyuta za gari lazima zielezwe kwamba kuna mgeni, la sivyo taa za hitilafu zitawaka zote. Fundi asiyekuuliza namba ya spea ya pampu yako ya breki kabla ya kutaja bei, muage kwa heshima. Anayejua kazi atakuonyesha gari la aina yako alilolifanyia, na baada ya kazi atakupa ripoti ya mashine isiyo na hitilafu hata moja.

Nafasi ya pili: kamera ya onyo inayojitegemea

Kwa gari lisilo na mikono, hiki ndicho ningenunua kesho asubuhi. Ni kamera inayokaa nyuma ya kioo cha kati, na kijiskrini kidogo juu ya dashibodi. Mobileye, kampuni ya Israeli iliyoanzishwa 1999, ndiyo iliyofanya vifaa vya namna hii vijulikane. Kinahesabu ni sekunde ngapi zimebaki kabla hujafikia gari la mbele, kinalia ukilikaribia mno, ukitoka kwenye leni bila taa ya ishara, na vile bora humtambua anayetembea kwa miguu. Breki hakigusi. Kikikosea, hasara yake ni mlio tu.

Tofauti ya kizuri na kibaya iko kwenye chanzo cha mwendo. Kizuri husoma mwendo na taa za ishara kutoka mtandao wa ndani wa gari, ule mafundi wanaouita CAN. Cha bei ya chini hutegemea setilaiti, na ukiingia chini ya daraja kinapotea. Muulize muuzaji pia kama fundi ataingiza urefu wa kamera kutoka ardhini na upana wa gari. Asipofanya hivyo, kifaa kinakisia. Kisha dai majaribio ya barabarani. Kifaa kinacholia bila sababu utakizima ndani ya wiki, na kilichozimwa hakimwokoi mtu.

Nafasi ya tatu: kamera ya nyuma na rada za sehemu pofu

Kamera ya nyuma kwenye gari la umeme ina uzito kuliko kwenye gari la petroli, kwa sababu ya ukimya. Ulaya ililazimisha magari yote mapya ya umeme yatoe sauti yakienda polepole kuanzia Julai 2021. Mengi ya kabla ya hapo hayana sauti hiyo. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya bampa hatalisikia gari linaporudi. Kama huna kamera ya nyuma, anza nayo leo, hata kama mipango ya mengine ni ya mwaka kesho.

Kwa sehemu pofu, chagua rada. Sensa za mawimbi ya sauti, zile vidoti vya duara kwenye bampa, huona mita chache tu. Zinafaa kuegesha, si barabara kuu. Rada hukaa ndani ya bampa bila kutoboa, lakini bampa lenye rangi ya metali nzito au lililojazwa puti baada ya kugongwa huizuia. Mwambie fundi aijaribu kabla ya kuibana moja kwa moja.

Nafasi ya nne: openpilot

Hii ina wapenzi wengi na ninaelewa kwa nini. Ni programu huria inayosaidia kushika usukani na mwendo, ya kampuni ya comma.ai, inayoendeshwa na kifaa kinachobandikwa kiooni na kuunganishwa na waya za kamera ya gari. Mwaka 2016 mwanzilishi wake, George Hotz, alipopata barua ya maswali kutoka mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, alifuta bidhaa yake ya kwanza, kisha akaiachilia programu bure. Leo inafanya kazi na magari ya umeme kama Hyundai Kona, Kia Niro na Leaf ya kizazi cha pili, mradi gari liwe tayari na mfumo wa kiwandani wa kushika leni na kruzi inayofuata gari la mbele.

Inashika leni vizuri, na ina kamera inayomtazama dereva. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu mbili. Inakuongezea raha zaidi ya usalama. Na kwenye baadhi ya magari, ukiiruhusu ishike mwendo, breki ya dharura ya kiwandani huzimika. Soma ukurasa wa gari lako hasa, kisha iandikie bima yako kabla ya kununua na ulitunze jibu.

Nafasi ya tano: kompyuta mpya kwenye Tesla

Vifaa vya Tesla vya 2014 vilikuwa na kamera moja ya mbele. Kizazi cha Oktoba 2016 kilikuja na kamera nane, na hakuna njia ya maana ya kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Waliolipia kifurushi kikubwa cha kujiendesha walibadilishiwa kompyuta kwenda kizazi cha tatu, cha 2019. Cha nne, cha 2023, kina umbo na kamera tofauti. Januari 2025 Elon Musk alikiri kwamba kompyuta za kizazi cha tatu zitalazimika kubadilishwa kwa waliolipia kifurushi hicho. Usinunue Tesla iliyotumika kwa kutegemea kubadilishiwa baadaye. Lipia kilichomo.

Usinunue kabisa

Vizito vya kubana kwenye usukani ili gari lidhani umeushika. Mamlaka ya Marekani iliamuru kimojawapo kiache kuuzwa mwaka 2018. Na kamera ya dashibodi iliyoandikwa kwamba inaonya, inunue kwa ajili ya kurekodi tu.

Waya, kabla hujalipa salio

Usihofie umbali ambao gari linaweza kwenda. Kifaa cha wati 10 kikiwaka saa nzima hula umeme ambao gari lingeutumia kutembea chini ya mita 100. Hofia betri ndogo ya volti 12. Kifaa cha wati 5 kinachoendelea kuwaka gari likiwa limezimwa hula nusu ya betri ya ampea-saa 45 kwa siku mbili na ushee, na betri hiyo ikilala, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Dai kifaa kichukue umeme kwenye fyuzi inayozimika na gari, na usiache kitu kwenye soketi ambayo fundi huchomeka mashine yake ya kupima.

Nyaya za rangi ya machungwa asiziguse asiye na mafunzo ya umeme mkubwa. Kisha mwombe fundi afungue kifuniko cha nguzo ya kioo cha mbele mbele yako. Waya wa kamera upite nyuma ya mfuko wa hewa wa usalama. Ukipita mbele yake, siku mfuko utakapofunguka waya utauzuia, au utarushwa usoni mwako. Ukiuona umepita mbele, arudie kazi kabla hujalipa.