Chupa Tatu na Kikombe Kimoja kwa Mtoto Mwenye Kaakaa Wazi

Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura peke yake, kaakaa likiwa zima, mara nyingi hahitaji kifaa chochote kinachojadiliwa hapa. Ziwa la mama ni laini, hujaza pengo la mdomo, na mtoto ananyonya. Shida ni kaakaa. Kunyonya ni kazi mbili kwa wakati mmoja: kufyonza, na kukamua chuchu kwa ulimi na ufizi. Kaakaa likiwa wazi, kufyonza kunakufa, kwa sababu hewa inaingia kupitia puani; ni sawa na kunywa dafu kwa mrija uliotoboka katikati. Kukamua kunabaki. Ndiyo maana mtoto anaonekana ananyonya kwa bidii saa nzima, anachoka, analala, na uzito haupandi.

Kwa hiyo kipimo chetu ni kimoja: kifaa kimruhusu mtoto apate maziwa kwa kukamua tu. Hapo ndipo vali ya njia moja inapohitajika. Mtoto akibana chuchu, maziwa yasirudi kwenye chupa, yaende mdomoni. Kipimo cha pili kinatokana na maisha ya Dar es Salaam: kifaa kioshwe na kuchemshwa mara nane kwa siku, na kitumiwe na mama, bibi na dada wa nyumbani bila kuharibika.

Ukiwa na uwezo wa kununua chupa moja tu, nunua Pigeon ya kaakaa wazi. Chuchu yake ina upande mnene na upande mwembamba. Upande mwembamba hukaa juu ya ulimi, kwani ndio mtoto anaoubana. Ule mnene hutazama juu, mahali ambapo kaakaa halipo. Tundu la mkato wa Y hufunguka linapobanwa tu, kwa hiyo maziwa hayamiminiki yenyewe. Pembeni mwa chuchu kuna kijitundu cha hewa, nacho lazima kiwe juu, chini ya pua ya mtoto. Kikikaa chini, maziwa yatavuja shingoni kwa mtoto na wote mtadhani chupa ni mbovu. Chuchu zipo za ukubwa wa aina mbili. Mtoto njiti au mwenye mdomo mdogo aanze na ndogo.

Makosa yanayoirudisha chupa hii dukani ni mawili, na yote si ya kiwanda. La kwanza, vali ya plastiki imewekwa kichwa chini, au imesahaulika kabisa. Kabla ya kutia maziwa, tia maji, pindua chupa, bana chuchu kwa vidole: kila ukibana maji yatoke, ukiachia chuchu ijae tena. La pili, kifuniko kimekazwa kwa nguvu zote. Kukaza hupunguza kasi ya maziwa, kulegeza huiongeza; ukikaza kupita kiasi hewa haiingii, chuchu inanywea na kujikunja, mtoto analia. Legeza kidogo tu, robo mzunguko. Faida nyingine ni kwamba chuchu na vali hiyo hukaa kwenye chupa nyingi za kawaida zenye shingo nyembamba, hivyo chupa ikipasuka hujapoteza kila kitu.

Ya pili ni SpecialNeeds Feeder ya Medela, ambayo wauguzi wa zamani bado huiita Haberman, kwa jina la Mandy Haberman, Mwingereza aliyeibuni kwa ajili ya binti yake mwenyewe. Kwa mtoto dhaifu sana hii ndiyo bora kuliko zote, wala hatusiti kusema hivyo. Chuchu yake ya silikoni ni ndefu, na maziwa yanajaa ndani yake kwanza, yakitenganishwa na chupa kwa kisahani na utando laini. Juu ya chuchu kuna mistari mitatu ya urefu tofauti. Mstari unaoelekea puani ndio unaoamua kasi: mfupi ni polepole, mrefu ni haraka, na unabadilisha kwa kuzungusha chupa bila kumtoa mtoto. Ikibidi, anayelisha anasaidia kwa kuibana chuchu kidogo, akifuata mbano wa mtoto, kisha anangoja ameze. Kubana mfululizo, kama unakamua dawa ya meno, ndiko kunakopalia watoto.

Kabla ya kuanza, toa hewa: bana chuchu chupa ikiwa wima, pindua, achia, rudia mpaka chuchu ijae maziwa. Wengi huruka hatua hii, na mtoto anakula hewa. Lawama yetu kwa Medela ni mbili. Ni ghali kuliko nyingine zote hapa, na ule utando ni mdogo kama gamba la samaki. Ukienda na maji kwenye sinki, ukitoboka, au ukisahaulika wakati wa kuunganisha, chupa nzima imekuwa chupa ya kawaida yenye chuchu ndefu. Usiinunue bila utando wa akiba.

Ya tatu, Dr. Brown's yenye vali maalumu, ni nzuri, na mtoto anajiongoza mwenyewe bila mtu kubana chochote. Ila ina mrija wa hewa ndani, na ukihesabu chuchu, vali, kifuniko, mrija wenye vipande viwili na chupa, ni vitu sita vya kuosha. Ukijaza kupita alama, inavuja. Ukipasha maziwa huku mrija uko ndani, inavuja pia. Inafaa nyumba yenye mtu mmoja makini wa kuosha.

Sasa lile jambo la kutoboa chuchu ya kawaida kwa sindano ya moto. Tunalipinga. Tundu pana halina breki: chupa ikiinama maziwa yanashuka mtoto atake asitake, yanaingia koo kabla hajawa tayari kumeza, mengine yanaishia kwenye mapafu. Na bado chuchu hiyo haina vali, kwa hiyo kazi ya mtoto ya kukamua inapotea bure.

Kuliko hiyo, kikombe. Kikombe kidogo cha stili kisicho na ncha kali kinatosha, na kile cha silikoni kinachoitwa NIFTY, cha ml 40, kina mdomo uliochongwa ili maziwa yakusanyike kidogo kidogo mbele ya mtoto. Mkalishe karibu wima, kichwa umekishika. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike ukingoni, kisha ngoja. Ulimi utayafuata. Usimwagie mdomoni. Maziwa mengi hudondokea nguoni siku za kwanza, kwa hiyo kilichomwagika kitolewe kwenye hesabu. Uzuri wa kikombe ni kwamba hakina kona ya kuficha uchafu, na baadhi ya madaktari wa upasuaji huagiza mtoto alishwe kwa kikombe baada ya kaakaa kushonwa. Aliyezoea mapema hasumbuki siku hiyo.

Hesabu ya maziwa baada ya wiki ya kwanza ni takriban ml 150 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 3 anahitaji ml 450. Gawa kwa milo 8, ni kama ml 56 kila mlo, yaani NIFTY moja na karibu nusu. Mlo usizidi dakika 30, kwani baada ya hapo anachoma nguvu nyingi kuliko anazopata. Mcheulishe mara mbili au tatu katikati ya mlo, maana anameza hewa nyingi. Maziwa machache kutokea puani si hatari. Mwinue zaidi na upunguze kasi. Mpime kila wiki na uandike kwenye kadi ya kliniki: gramu 20 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Isipofika hapo, usibadilishe chupa kabla ya kumwonyesha mtaalamu jinsi unavyolisha.

Usafi unataka tahadhari ya mji huu. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na ukichemshia humo utando mweupe unaganda kwenye vali mpaka haifungi vizuri. Tumia maji yasiyo na chumvi kuchemshia. Tenganisha kila kipande, osha kwa sabuni, chemsha dakika 5 hadi 10, na silikoni isiguse kitako cha sufuria juu ya jiko la mkaa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye nyuzi 25. Januari na Februari joto letu linapita hapo, hivyo kamua ya mlo mmoja.

Kuna mtoto ambaye hakuna chupa itakayomsaidia. Kidevu kidogo kilichorudi nyuma, kupumua kwa kukoroma, kifua kinachobonyea akivuta pumzi, midomo kugeuka bluu akila: hiyo ni njia ya hewa kuzibwa na ulimi, na ni safari ya hospitali leo hii.

Kwa wengine, lengo la kulisha ni upasuaji. Kanuni ya zamani ya kushona mdomo ni mtoto awe na umri wa wiki 10, uzito wa kilo 4.5 na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 10 kwa desilita. Kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18. Ukienda hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT Msasani kwa tathmini, beba chupa unayotumia pamoja na vali zake, na mtoto awe na njaa kidogo, ili mlo mmoja uonekane mbele ya muuguzi tangu mwanzo hadi mwisho.