Boksi gumu la vipande viwili: kibebeo kinachomfaa paka aliyepatikana akiwa majeruhi

Paka aliyepotea akapatikana akiwa ameumia anahitaji kwanza kabisa kufikishwa kwa daktari wa mifugo bila kuongezewa maumivu njiani. Katika vibebeo vyote vinavyouzwa, boksi gumu la plastiki ambalo nusu yake ya juu hung'oka yote na kuiacha nusu ya chini wazi kama trei ndilo tunalolipatia alama za juu, na tofauti yake na vingine ni kubwa. Tathmini hii inalipima kwa mgonjwa wa aina hiyo peke yake: paka mwenye hofu, mchafu, huenda ana njaa ya siku kadhaa, na huenda amevunjika mfupa ambao kwa macho hauonekani. Paka mzima anayepelekwa kuchanjwa anaweza kusafiri kwenye karibu chombo chochote kinachofungika.

Thamani yote ya boksi hili iko kwenye kifuniko. Paka aliyegongwa na gari mara nyingi huvunjika nyonga au taya, na wengine hupasuka kiwambo, ule utando wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikipasuka, ini na utumbo hupanda kifuani na kuyabana mapafu. Mgonjwa kama huyo akivutwa kwa miguu kupitia kilango kidogo cha mbele, au boksi likiinuliwa wima ili ateleze nje, anaweza kufia mezani kabla hajaguswa na stethoskopu. Kifuniko kikiondolewa, daktari humkuta amelala vilevile alivyolazwa: atausikiliza moyo, ataangalia rangi ya ufizi, atampa sindano ya maumivu na hata maski ya oksijeni, na paka hajahama kwenye taulo lake. Kwa paka mwenye hofu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kuta za chini bado zimemzunguka na anajiona amejificha.

Ukubwa upimwe kwa paka mwenyewe. Urefu wa ndani uzidi kidogo urefu wake kutoka pua hadi mwanzo wa mkia. Paka wa kilo 4 hadi 5 hutoshea vizuri kwenye boksi la sentimita 48 hadi 50 kwa urefu, na 30 hadi 35 kwa upana na kwa kimo. Likiwa dogo, mguu uliovunjika unakunjwa kwa nguvu; likiwa kubwa mno, paka asiyeweza kujishikilia huteleza kila gari linapokata kona. Angalia pia sakafu yake. Yapo maboksi yenye matuta marefu chini, yaliyokusudiwa kuupitisha mkojo chini ya paka, lakini matuta hayo humchoma aliyevunjika mbavu. Sakafu tambarare ni bora, na mkojo uachiwe pedi ya kuunyonya.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Mshikio umefungwa kwenye kifuniko, na kifuniko kimeshikwa na vibano vya pembeni, kwa kawaida vinne hadi vinane. Kwa hiyo ukilibeba kwa mshikio, uzito wote wa paka unaning'inia kwenye vibano hivyo. Plastiki iliyoachwa juani miezi mingi hukauka na kuwa kama kauri; kibano kimoja kikikatika, vya jirani yake hufuata na sakafu hudondoka na mgonjwa. Ndiyo maana boksi lenye majeruhi hubebwa kwa mikono miwili kutoka chini, likiwa limelala sawa, na mshikio unasahauliwa. Mkanda wa begi au kamba imara iliyozungushwa boksi zima mara moja katikati huondoa wasiwasi uliobaki, na hufunguliwa kwa sekunde mbili.

Zipo aina zinazounganishwa kwa skrubu na nati badala ya vibano. Ni imara zaidi, ila nati zikipata kutu hazifunguki bila koleo, na hapo faida ya kifuniko imepotea. Ukiwa nazo tayari, badilisha skrubu zote kwa za plastiki zinazozungushwa kwa vidole. Mlango wa mbele nao una kasoro yake: pini za juu na chini hujipinda, na paka anayesukuma kwa kichwa huung'oa. Uvute mlango kutoka kila kona kabla ya kulipa. Kama bei haitofautiani sana, chukua lenye mlango wa ziada juu ya kifuniko, kwani humruhusu msaidizi kumtazama paka njiani bila kumfungulia njia ya kutoroka.

Kumlaza ndani ndipo watu wengi wanapokosea, hata wakiwa na boksi zuri. Kabla ya kumgusa, hesabu pumzi zake kwa kutazama kifua kikipanda kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Paka aliyetulia hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 40, au akihema mdomo wazi, au ufizi ukiwa mweupe au wa bluu, usimkague zaidi. Mtie ndani na muondoke. Ng'oa kifuniko kwanza na uiweke nusu ya chini karibu naye kabisa, ikiwa na pedi chini na taulo juu yake. Ingiza taulo la pili taratibu chini ya mgongo wake, mmoja ashike upande wa mabega na mwingine upande wa nyonga, muinue kwa pamoja taulo likiwa limevutika kama machela, mgongo ukiwa umenyooka, kisha mshushe pamoja na taulo lake. Ukiwa peke yako, mburute juu ya taulo hadi kwenye trei badala ya kumkunja mikononi. Usimning'inize kwa ngozi ya kisogo. Kichwa kikifunikwa kwa kitambaa chepesi hutulia, mradi pua iwe huru. Kifuniko kirudishwe mwisho, vibano vifungwe kimoja kimoja kwa kidole gumba, maana ule mlio wa ghafla humshtua.

Paka mpole mwenye maumivu huuma, na meno yake membamba hupeleka vijidudu ndani kabisa ya nyama. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha amwone daktari wa binadamu siku hiyo hiyo, kwa sababu ya usaha na kwa sababu ya kichaa cha mbwa ambacho paka pia hukipata.

Taulo liwe la rangi nyeupe au nyingine ya kung'aa. Jekundu au jeusi huficha damu na rangi ya mkojo, na vitu hivyo daktari anavitaka. Pedi iliyolowa usiitupe njiani: paka aliyeumia mkia au nyonga anaweza kushindwa kukojoa, au kibofu kikawa kimepasuka, hivyo pedi kavu baada ya saa nyingi ni habari, na pedi yenye mkojo wa damu ni habari nyingine. Kama amepoa mwili, weka pembeni yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kwa kitambaa, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Chupa yenyewe isiguse ngozi, hasa kwa paka asiyejiweza.

Bakuli la chakula na la maji visiingie. Huenda akalazwa usingizi kwa upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari. Hata asipopasuliwa, paka aliyekaa na njaa siku nyingi hapaswi kujazwa mlo mkubwa mara moja, kwani madini ya damu huvurugika. Aanzishiwe kidogo kidogo chini ya usimamizi. Njaa hiyo hiyo ina madhara kwenye ini: mafuta hujaa humo, hasa kwa paka mnene, ndiyo maana "anaonekana mzima, tumsubirishe hadi wiki ijayo" ni shauri baya.

Vitu vya kuweka kwenye mfuko wa pembeni wa boksi ni vichache: shashi safi, bandeji ya kuviringisha, na maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa yanatosha kusuuza mchanga na matope kwenye kidonda. Damu inayotoka hukandamizwa kwa shashi dakika 5 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Mguu usifungiwe vijiti. Kwa paka, kifungo cha kienyeji huteleza na kuzidisha mvunjiko. Na dawa za maumivu za watu zisikaribie boksi hili. Parasetamoli huua paka hata kwa kipande cha kidonge, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja, na damu hupoteza nguvu ya kubeba oksijeni. Ibuprofeni nayo haifai. Dawa za kuulia vijidudu zenye fenoli, zile zinazogeuka maziwa zikitiwa majini, ni sumu kwake akijilamba.

Ndani ya gari, boksi likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, limebanwa lisisogee. Kulifunga kwa mkanda wa kiti kupitia mshikio kunaonekana salama, lakini maboksi mengi hayakutengenezwa kuhimili mvuto huo, na gari likifunga breki ghafla mkanda unaweza kulivunja.

Mshindani mkubwa wake ni begi la kitambaa. Ni jepesi na hukunjika, ila sakafu yake hubonyea katikati na uti wa mgongo hubonyea nayo. Mkojo huingia kwenye sponji na hautoki. Na paka mwenye hofu hufungua zipu kwa ukucha. Begi la mgongoni lenye dirisha la kuba humlazimisha kukaa wima na hupitisha hewa kidogo. Kwa majeruhi tunalikataa kabisa. Kizimba cha waya humuacha wazi kwa kila jicho, naye hujivunja meno kwa kuking'ata. Katoni nene yenye matundu, iliyotandikwa taulo na kufungwa kamba, ni afadhali kuliko begi la mgongoni na kizimba kwa safari moja, mradi isilowe. Gunia lisitumike.

Juu ya kifuniko bandika karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye namba ya simu, uzito wa paka, tarehe ya chanjo na namba ya chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Chipu yenyewe kwa kawaida ina namba ya tarakimu 15, haina betri na haionyeshi paka yuko wapi. Huzungumza pale tu skana inapopitishwa juu yake. Huwekwa kati ya mabega, ila inaweza kuhamia hadi begani au kifuani, kwa hiyo mwombe anayeskani apitie mwili mzima. Namba isiyosajiliwa kwa simu inayopatikana haimrudishi paka kwa mtu yeyote.

Baada ya matibabu, nusu ya chini hugeuka kitanda cha kupumzishia, kwa kuwa kuta zake fupi hazimlazimishi kuruka. Kuosha ni rahisi, lakini kwa mpangilio: kwanza maji na sabuni hadi mkojo wote utoke, kwa sababu klorini ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Kisha sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu 32 za maji, iache dakika 10, suuza sana na uanike kivulini. Likikauka, liunganishe tena likiwa na taulo ndani na mlango wazi, mahali ambapo paka anaweza kuingia na kulala anapotaka.