Gari Jipya la Umeme Nairobi: Nani Anunue, Nani Asubiri

Muuzaji wa gari la umeme ataanza na bei ya petroli. Wewe anza na maswali mawili: gari lako hulala wapi, na hutembea kilomita ngapi kwa siku? Majibu yake ndiyo yatakayokuambia kama gari jipya la umeme linastahili bei yake, au utalipia sifa ambazo hutazitumia.

Tuanze na kilomita. Chukua petroli kwa shilingi 180 kwa lita na stima ya nyumbani kwa shilingi 30 kwa uniti (kilowati-saa moja). Badilisha kulingana na bei za mwezi wako. Gari dogo la injini ya lita 1.5, kwenye foleni zetu, huenda kilomita 14 hivi kwa lita. Hiyo ni kama shilingi 13 kwa kilomita. Gari la umeme la ukubwa huo hula uniti 16 au 17 kwa kilomita 100, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni shilingi 5 kwa kilomita. Unaokoa shilingi 8 kila kilomita.

Mtu wa kazini, shuleni na sokoni, anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka, anaokoa 120,000. Dereva wa teksi anayefika 40,000 anaokoa 320,000. Sasa tuseme gari jipya la umeme linazidi gari la petroli lililotumika kwa shilingi milioni 2. Wa kwanza atarudisha tofauti hiyo baada ya miaka 16 na zaidi, wa pili baada ya sita na kidogo. Oili ambayo hutabadilisha na breki zinazodumu zitapunguza muda huo, lakini si kwa kiasi cha kumwokoa yule wa kwanza.

Swali la pili ndilo wengi hulikumbuka wakishalipa. Soketi ya kawaida, ukichota ampea 10 bila kuilazimisha, hutoa uniti 19 hivi kwa saa nane za usiku. Hizo ni kama kilomita 115, zinazowatosha watu wengi wa jiji hili. Ila soketi hiyo iwe na waya wake kutoka kwenye boksi la stima, swichi yake ya kukata umeme na athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa na fundi anayejua kazi. Ekstensheni inayopitishwa dirishani ni njia ya kuchoma nyumba. Kama unaishi ghorofa ya tano na kuegesha chini pamoja na wapangaji wengine, kaa na landilodi kwanza, mkubaliane kwa maandishi kuhusu mita yako hapo chini. Akikataa, ruka moja kwa moja hadi namba 2 ya orodha yangu hapa chini, niliyoipanga kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Nissan Leaf iliyotumika, betri ya uniti 40

Kwa mkazi wa Nairobi mwenye mahali pa kuchaji, hii ndiyo naiweka juu. Kizazi hiki kilianza kuuzwa Japani Oktoba 2017, na kwa sheria yetu ya kutoingiza nchini gari lililozidi miaka minane ndicho kinachoshuka bandarini sasa. Aliyenunua likiwa jipya alishabeba hasara kubwa ya thamani kwa niaba yako.

Usiamini umbali ulio kwenye makaratasi ya Kijapani. Yanasema kilomita 400. Vipimo vya serikali ya Marekani viliipa Leaf hiyo hiyo 243. Shika cha Marekani, toa uchakavu wa betri, kisha panga maisha yako juu ya kilomita 180. Hata hivyo mtu wa Kitengela ataenda Westlands na kurudi siku mbili kabla ya kuchaji.

Udhaifu wake ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na mwaka 2012 wenye Leaf za kizazi cha kwanza huko Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba betri zao zinapungua upesi kwa sababu ya jua la jangwani. Baridi ya Nairobi inatufaa. Ningekuwa Mombasa ningesita.

Mambo mengine ya kuuliza: nyingi za Japani huchaji kwa kilowati 3 tu kwa umeme wa kawaida, kwa hiyo chaja kubwa ya ukutani haitakuharakishia chochote. Tundu lake la kuchaji haraka ni CHAdeMO, ilhali magari mapya mengi hutumia CCS2. Tembelea vituo vilivyo njiani kwako uone vina plagi ipi. Na skrini itakuwa ya Kijapani. Zilizotengenezwa Sunderland, Uingereza, zina usukani upande wetu na huzungumza Kiingereza, na mimi ningeongeza pesa kidogo kupata moja.

2. Haibridi, kama Toyota Aqua

Hili ni gari la petroli lenye mota ya umeme na betri inayojichaji ukiendesha, bila kuchomekwa popote. Ni la mpangaji asiye na soketi, na la anayeenda ushago kila mwezi. Kwa kilomita 20 kwa lita, gharama ni shilingi 9 kwa kilomita. Mafundi wanaoijua wapo. Kagua kichujio cha feni ya betri karibu na kiti cha nyuma. Kikijaa vumbi betri huchemka, na wauzaji wengi hawajawahi kukigusa.

3. Gari jipya la umeme, kama BYD Atto 3

Kama gari, linaipita Leaf kwa mbali. Betri yake ya uniti 60 ni ya aina ya LFP (ya madini ya chuma na fosfeti), hupozwa vizuri na huvumilia kujazwa hadi asilimia 100. Kwa vipimo vya Ulaya hufika kilomita 420.

Kinachoniweka mbali ni bei za China zenyewe. BYD Seagull, gari dogo la umeme la kampuni hiyo ya China, ilitoka Aprili 2023 kwa yuani 73,800. Mei 2025 kampuni ikaishusha hadi 55,800. Bei ya jipya ikianguka hivyo kiwandani, la kwako la mwaka juzi litauzwaje? Kwa hiyo usilinunue kama unapanga kuuza baada ya miaka mitatu.

Linapanda hadi namba 1 kwa teksi au kampuni ambayo magari yake hutembea kutwa. Tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya kuchaji magari kupitia mita ya peke yake: ilianza kwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo hesabu niliyoanza nayo inabadilika kabisa. Omba dhamana ya betri kwa maandishi, na uulize kama inatambuliwa hapa Kenya.

Wanaosafiri kwenda Mombasa wajue pia kwamba kurudi si sawa na kwenda. Kupanda mita 1,700 kutoka baharini hula uniti 9 hivi juu ya matumizi ya kawaida.

4. Leaf ya zamani, betri ya uniti 24

Yadi bado zinazo, kwa bei tamu. Ilipokuwa mpya, Marekani iliipa kilomita 117. Hesabu vijiti vya betri upande wa kulia wa dashibodi: huanza 12, na kijiti cha kwanza hupotea betri ikishapungua asilimia 15. Ikibaki na 8, utapata kilomita 75 ukiwa na bahati. Kuna wanaorudisha vijiti kwa kompyuta, kwa hiyo nenda na kifaa cha OBD (huchomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) na programu ya simu ya LeafSpy usome afya ya betri mwenyewe. Inafaa kupeleka watoto shule ya jirani, na hata hapo bei uipunguze kwa theluthi kabla ya kuketi mezani.