Udongo wa mimea inayostahimili ukame: nunua mawe kabla ya mbolea

Mishubiri, mikonge na madungusi hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Udongo ukituamisha maji siku kadhaa, mizizi hukosa hewa na kuoza, kisha majani hulegea mithili ya mmea wenye kiu. Mwenyewe huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, subiri yakauke, ulijaze tena na upime. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, panda tu, huhitaji kununua kitu. Yakishuka polepole kuliko hapo, chagua kwa mpangilio huu.

1. Pumisi (jiwe jepesi la volkano) au mawe mekundu ya volkano. Hakuna kinachoyashinda. Kila punje ina vitundu vinavyobakiza unyevu kidogo, huku nafasi kati ya punje zikibaki na hewa. Tena hayaozi wala hayasagiki upesi. Chagua punje za milimita 3 hadi 6, chekecha, kisha osha vumbi, maana ndilo linaloziba nafasi hizo. Kwenye chungu cha mishubiri changanya nusu kwa nusu na udongo. Kwa madungusi, mawe sehemu mbili kwa moja ya udongo.

2. Changarawe ndogo au mchanga wa chenga. Ni rahisi kupatikana, ila hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mchanga laini ukitiwa kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi, chembe za mfinyanzi hujaza nafasi zote na kitanda cha bustani kinakauka kama tofali. Changarawe ifike angalau nusu ya ujazo: mita moja ya mraba, kina cha sentimita 20, inataka lita 100, yaani ndoo tano za lita 20, na kila ndoo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 30. Kama kitanda ni kikubwa, afadhali kuinua tuta la sentimita 20 hadi 30 kuliko kupigana na mfinyanzi wote. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi.

3. Perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto. Inunue pale uzito unapokuwa tatizo, mfano vyungu vya roshani. Hupanda juu kila unapomwagilia, na vumbi lake hukera mapafu, hivyo ilowanishe kabla ya kumimina.

4. Mboji iliyoiva. Kidogo: sehemu moja kwa kumi chunguni, au tabaka la sentimita 2 kitandani, ukilichanganya na udongo. Iliyoiva hunukia udongo, haina joto, na hutambui tena ilitokana na nini. Samadi mbichi huunguza mizizi, na nitrojeni nyingi hurefusha mashina laini yanayoanguka.

Jasi, madini meupe ya unga, inafaa tu pale kipimo cha maabara kimeonyesha sodiamu imezidi. Jeli za kutunza maji na vemikulaiti (punje za madini zinazonyonya maji) ziache. Kazi yake ni kushika maji, na wewe unataka yapite. Mifuko iliyoandikwa kuwa ni ya madungusi isome kwanza: mingi imejaa mboji ya kinamasi, ambayo ikikauka kabisa hukataa maji, yakateremka kandokando ya chungu na kuacha katikati pakavu.

Tafadhali usinunue kokoto za kuweka chini ya chungu. Maji husimama pale udongo unapokutana na kokoto hadi udongo ushibe, kwa hiyo sehemu yenye maji inasogea juu karibu na mizizi. Kinachohitajika ni tundu la chini lililo wazi. Kokoto hizo zitandaze juu, unene wa sentimita 2 au 3, ili shina likae pakavu. Baada ya kupanda, subiri siku tano hadi saba kabla ya kumwagilia, ili mizizi iliyokatika ipone.